Escort ya Pasaka ya 1972

Ufundi niliuanzia Geita, kwenye karakana ya mgodi wa Waingereza, nikiwa kijana wa kupangusa spana na kumwaga mafuta machafu. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 wenzangu wengi walirudi kwenye pamba. Mimi nilivuka Busisi kwa kivuko, nikapanda treni Mwanza, nikashukia Dar es Salaam na kupata kibarua katika gereji moja ya mitaa ya Kariakoo. Siku hizi hapa Rwamgasa vijana wakiniona nimelala chini ya gari na mvi zangu, huuliza nilisomea chuo gani. Chuo changu kilikuwa Pasaka ya 1972, na mwalimu alikuwa gari.

Mwaka ule mbio za magari za Safari zilianzia na kumalizikia Dar. Zilikuwa zimeanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hata baada ya uhuru hakuna aliyetaka zife. Pasaka ikifika, gereji zote zilikuwa na redio moja na mabingwa hamsini. Sisi tulikuwa watu wa Peugeot. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda 1966 akarudia 1967 kwa Peugeot 404, akiongozwa njia na Chris Rothwell, na kwetu hilo lilitosha kuwa dini. Datsun zilipochukua 1970 na 1971 tulinung'unika lakini tukakubali, maana dereva, Edgar Herrmann, alikuwa mwenyeji wa Kenya. Tulichokuwa na hakika nacho ni kimoja: mtu wa kuja kwa ndege hashindi Safari. Tope la masika lina wenyewe. Kwa miaka yote tangu 1953 ilikuwa hivyo hivyo, madereva wakubwa wa Ulaya wanakuja na sifa na kuondoka na visingizio.

Ndipo Ford ya Uingereza ikaleta Escort zake kutoka Boreham, Essex.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikaribia kucheka. Ilikuwa gari ndogo ya milango miwili, sura ileile ya Escort za makarani wa benki zilizokuwa zikija kwetu kubadilishwa plagi. Lakini fundi haangalii sura. Vijana tulijipenyeza karibu, mafundi wao wakafungua boneti, na pale nilinyamaza. Chini ilikuwa bloku ya kawaida ya Ford, ile niliyoijua. Juu yake Cosworth walikuwa wameweka kichwa kingine kabisa: kemshafti mbili zinazoendeshwa na mkanda, valvu 4 kwa kila silinda, jumla 16, pale ambapo sisi tulizoea 8. RS1600 waliiita. Kabureta zilikuwa kubwa mno kwa gari la kimo kile.

Kilichonikaa zaidi kichwani, hata hivyo, hakikuwa injini. Mmoja wao alipoingia uvunguni nami nikainama. Nyuma kulikuwa na ekseli nzima ya mti mmoja, imekalia springi za vyuma bapa vilivyopangana, kama za lori la pamba. Porsche zilizokuja mwaka ule zilikuwa na mitambo ya kisasa kuliko hiyo, ila kitu chenye viungo vichache kina mahali pachache pa kuvunjikia. Halafu nikaona bodi. Mishono ya mabati ambayo kiwandani hushikwa kwa nukta nukta wao waliichomelea mwanzo hadi mwisho, na pale juu zinapofungwa shokapu za mbele waliongeza bamba. Gari jipya kabisa limekwisha kuchomelewa! Sisi gerejini tulichomelea kilichopasuka. Nilikuwa sijawahi kumwona fundi anayechomelea kizima.

Waliondoka, na sisi tukabaki na redio ya RTD. Masika yalikuwa juu. Siku hizo hakuna barabara iliyofungwa kwa ajili ya mashindano. Dereva alikutana na mabasi, ng'ombe na watu wanaotoka ibadani. Kila nilipopata habari nilikuwa nawaza zaidi wale mafundi wanaosubiri porini na jeki na mitungi ya gesi kuliko dereva mwenyewe. Dereva alikuwa Hannu Mikkola wa Ufini, msoma ramani Gunnar Palm wa Sweden, walewale walioshinda London hadi Mexico mwaka 1970 kwa Escort. Jumatatu ya Pasaka wakarudi Dar wa kwanza. Sobiesław Zasada wa Poland alikuwa wa pili na Porsche yake, na wa tatu kijana wa nyumbani Kenya, Vic Preston mdogo, naye kwa Escort. Kwa mara ya kwanza mgeni wa ng'ambo alikuwa ameshinda Safari. Gerejini tulinuna siku nzima. Mzee mmoja akadai mvua haikunyesha ya kutosha.

Baada ya hapo mambo ya Afrika Mashariki yaliharibika. Mbio zikabaki Kenya, Jumuiya ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa. Mwaka huohuo Björn Waldegård alishinda tena kwa Escort, RS1800 safari hii, nami nilisikia kwa mbali tu.

Huku kwetu ziwani sikuwahi kuziona mbio hizo. Wazee wa mchezo husema wazo la mwanzo kabisa mwaka 1953 lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria, wakaliacha kwa kuwa barabara za upande mwingine zisingepitika wakati wa mvua. Nasadiki. Niliporudi miaka ya 1980, dhahabu ikiwa imewavuta watu Rwamgasa, Land Rover zilizobeba wachimbaji na mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, zilikuwa zikifa changa. Chesisi zilipasuka mahali palepale, nyuma ya springi. Nikaanza kuwaambia wenye magari walete lingali zima, nilichomelee bamba kabla. Waliniona tapeli anayetafuta kazi pasipo na ugonjwa. Mmoja tu alikubali, na kwa kuwa lake liliendelea kutembea wakati mengine yako juu ya mawe, wengine wakaja wenyewe. Karasha, mashine za kusaga mawe, nazo nilizitengeneza hivyo: fremu kwanza, injini baadaye. Dizeli ya Lister itasaga mwamba miaka na miaka ukiipa kitako kisichotikisika, lakini ukiifunga juu ya mbao mbichi itajing'oa yenyewe.

Mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, na lami imelizunguka ziwa kupitia Geita, Bukoba, Kampala, Kisumu na kurudi Mwanza. Ile safari waliyoiogopa 1953 sasa basi la abiria linaimaliza. Safari yenyewe ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, barabara zinafungwa na kila hatua inapimwa kwa sekunde. Wajukuu hunionyesha kwenye simu. Magari yanakimbia sana, siwezi kubisha, ila hawaonyeshi uvungu.