Kutoka Temeke hadi Kibo: Nasaha kwa Wapandao Mlima

Katika vitongoji vyetu vya Kinondoni na Temeke tumewasikia vijana kadhaa wakiweka akiba ili likizo ikifika waende Moshi kuupanda Kilimanjaro. Twawapongeza, kwani kuitembelea nchi aliyoiumba Mwenyezi Mungu ni elimu. Lakini twaona yatupasa kuwapa nasaha kabla hawajafunga mizigo yao.

Kijana mmoja jirani yetu wa Tandika alirejea kutoka huko bila ya kufika kileleni, akachekwa barazani siku nyingi. Sisi tulimwuliza khabari zake. Akatueleza kwamba alipofika Kibo kichwa kilimwuma sana, akatapika, kisha akawa anapepesuka kama mlevi. Kiongozi wake akamwamuru ashuke usiku ule ule, na alipofika Horombo akaweza kula na kulala. Kijana huyu hakushindwa, aliokoka.

Sisi watu wa pwani twaishi karibu na usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na huko mtu avutapo pumzi hupata karibu nusu tu ya oksijeni aipatayo hapa kwetu. Mwili huweza kuizoea hali hiyo, lakini huizoea kwa siku, si kwa saa. Ujana na nguvu za mpira si kinga. Pengine mwenye nguvu ndiye huumia mbele, kwa kuwa ndiye akimbiaye.

Basi anayekwenda ajizoeze kwanza kutembea, hata katika vilima vya Pugu, ingawa vilima hivyo hufundisha miguu tu, wala havifundishi mapafu. Kwa njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720, ndipo aende Kibo, iliyopita mita 4,700. Asione hasara kuongeza siku moja Horombo. Anywe maji mara kwa mara, ale hata kama hana hamu, na asitumie dawa za usingizi.

Kichwa kikiuma, asipande zaidi mpaka apone. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hali amekaa, ashuke mara moja, hata ikiwa ni usiku. Dawa iliyo kubwa ni kushuka. Mwenye maradhi ya moyo au ya seli mundu, au aliyerithi seli mundu kwa mzazi mmoja, hapana budi amwone daktari kabla ya kulipa nauli.

Safari ya kileleni huanza kama saa sita za usiku, na baridi hushuka hata nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi. Koti zito, glovu na soksi za sufu hupatikana kwa bei nafuu katika mitumba ya Tandika. Nguo za pamba zisivaliwe mwilini, kwani zikilowa jasho hazikauki upesi. Achukue pia kitambulisho chake, maana ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni, na asipande bila ya kiongozi mwenye leseni. Apatane na mpishi mapema juu ya nyama halali. Kuhusu sala, msafiri ana ruhusa ya kupunguza, na anayeogopa madhara ya maji ya baridi ana ruhusa ya kutayamamu. Amwulize shekhe wake kabla ya kuondoka.

Nasaha ya mwisho ni kwa wazazi na watu wa barazani. Kijana anayeogopa kuchekwa huficha maumivu yake mpaka yamshinde. Basi akirejea, tusimwulize kwanza kama alifika kileleni. Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumrudisha, tumwandalie chakula, na mlima utamngoja mwaka mwingine.