Kobe wa Mwalimu

Ukitaka kufunga mlango wa Volkswagen ya zamani, shusha kioo kwanza. Mwanangu alikuwa hajui. Jumamosi moja mwezi uliopita aliubamiza mara tatu, ukamrudia mara tatu, akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikamwambia ashushe kioo vidole viwili. Akashusha, akausukuma kwa kiganja, ukaingia mahali pake kwa adabu. Bodi ya gari lile imebana mno. Ukishafunga mlango mmoja na vioo vyote viko juu, hewa iliyobaki ndani haina pa kutokea, basi mlango wa pili unapigana nayo. Marehemu baba alikuwa akilieleza jambo hilo kwa fahari ambayo wazazi wengine huitunza kwa ajili ya vyeti vya watoto wao.

Mimi na gari hilo ni umri mmoja. Ni Volkswagen 1300 ya mwaka 1969, rangi ya krimu, na baba alilinunua mwaka 1976 kwa bwana mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafungasha kurudi kwao Ulaya. Tulikaa Ngamiani, Tanga, mji wa baiskeli, na mwalimu kuwa na gari lilikuwa jambo la kusemwa barazani. Watoto wa mtaani wakaliita Kobe. Haikuchukua muda baba naye akawa Mwalimu Kobe, jina likamfuata hadi darasani.

Ningependa kuandika kwamba nililipenda. Nililionea haya. Wenzangu ambao baba zao walikuwa wakubwa kwenye mashirika ya umma waliletwa shuleni na Peugeot 504 zenye namba za SU, magari marefu, yenye pua ya heshima. Letu lilikuwa na buti mbele na injini nyuma, na kijana mmoja wa darasa langu akatangaza kwamba limevaa suruali kinyumenyume. Kuanzia siku hiyo nilimwomba baba anishushe mbali, kwenye mwembe, nikidai nataka kunyoosha miguu. Alisimama pale kila asubuhi bila kuuliza neno.

Na vituko vyake! Maji ya kuoshea kioo cha mbele yalisukumwa na upepo wa tairi la spea: mpira mwembamba ulitoka kwenye valvu ya tairi ukaingia kwenye chupa ya maji. Wajerumani waliweka kifaa cha kuuzuia upepo usishuke kupita kiasi, ila chetu kilikuwa kimeshakufa. Kwa hiyo wiki ya vumbi, baba akiosha kioo mara kwa mara, siku tukipata pancha tunatoa spea tunaikuta imelala kama chapati. Lilikuwa pia na hita. Tanga, mwezi wa kwanza, gari lenye hita! Waya wake ulikwama ukiwa wazi, na hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi ikawa inatupuliza miguuni miaka mitatu mfululizo. Mama aliacha kuvaa viatu vya kufunika akipanda humo.

Kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, kabla injini haijaguswa, fundi alikuja uani. Valvu za Volkswagen hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Alichuchumaa nyuma ya gari, akalegeza kifuniko cha chini, akachomeka kile kibati chembamba cha fila geji, milimita 0.10, kati ya roka na valvu. Alifumba macho. Kibati kilitakiwa kitoke kwa kukwaruza kidogo, si kwa kuteleza wala kwa kung'ang'ania, na ukwaruzo huo aliupima kwa vidole viwili tu. Alipofika silinda ya tatu alikawia zaidi. Kwenye injini za miaka ile kipozeo cha oili kimesimama mbele ya silinda hiyo, kinaikatia upepo, kwa hiyo ndiyo inayopata joto kuliko wenzake na ndiyo inayotangulia kuunguza valvu. "Huyu wa tatu ni mtoto wa mama wa kambo, Mwalimu," alikuwa akisema. "Lazima umtazame mwenyewe." Kisha baba anawasha, fundi anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anasikiliza. Mimi nilishika kopo la mafuta ya taa la kuoshea mikono, nikiwaza mpira unaochezwa uwanjani bila mimi. Ilikuwa karibu miaka saba ya Jumamosi. Sikuwahi kuomba nishike kile kibati.

Mahali pekee ambapo Kobe alitupa heshima ni mlima wa Lushoto. Kwao baba ni Usambara, na kutoka Mombo barabara inapanda kona kwa kona hadi Soni, kisha inaendelea. Bonde la Mombo lina joto la kuokea mkate. Magari yenye rejeta yalianza kuchemsha kona za mwanzo tu. Ungeyakuta pembeni, boneti wazi, utingo anateremka korongoni na dumu. Kobe hana maji, hana rejeta. Injini yake inapozwa na feni. Alipanda kwa gia ya pili, akilia kama cherehani ya fundi mwenye haraka ya sikukuu, magari ya maana yakimpisha kwa lazima. Baba alipiga honi mara mbili kwa kila boneti iliyo wazi. Mama alimwambia hiyo ni kejeli. Baba akasema ni pole.

Hapo ndipo alipoanza hadithi zake: Volkswagen ilivyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, ikarudia 1957 na 1962, ilivyoipita Ford Model T kwa idadi ya magari yaliyotengenezwa, Februari 1972. Alizisema tarehe hizo kana kwamba ni za ndugu zake. Miaka mingi baadaye nilimsomea gazeti kwamba lile la mwisho la aina hiyo limetoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na kwamba yote kwa pamoja yamezidi milioni 21. Alikaa kimya kidogo. "Basi spea zitapanda bei," akasema.

Lushoto bibi alitujazia pea, plamu na kabichi, vyote vikaingia mbele, na mbele ndiko liliko tangi la mafuta. Hadi leo nikila pea isiyonukia petroli naona kama haijaiva. Tuliondoka asubuhi na mapema, maana miaka ile ya uhaba wa mafuta gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Tukipita Segera baba alianza kutazama saa kuliko barabara.

Ni Jumapili moja ya namna hiyo kilipotokea kisa cha shangazi. Alikuwa mwanamke wa mwili, Mungu amrehemu, na alikaa nyuma upande wa kulia na kapu la mayai mapajani. Betri ya Volkswagen imo chini ya kiti hicho hicho. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea zamani, na kiti chenyewe baba alikuwa amekijaza upya kwa usumba wa nazi, kwa sababu ulikuwa wa bure. Tulipovuka tuta karibu na Muheza springi za kiti zikashuka, zikagusa vichwa vya betri.

"Kaka," shangazi akasema kwa utulivu, "kiti chako kinaniunguza."

"Ni joto la Muheza hilo, dada."

"Joto la Muheza halina moshi."

Usumba ukishika moto hauna mjadala. Tulitoka wote kupitia mlango mmoja, shangazi wa kwanza, na lile kapu la mayai halikupoteza hata moja. Baba aling'oa kiti, akakitupa mchangani. Kesho yake alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, ukubwa wa kurasa mbili za daftari, akakilaza juu ya betri. Ndilo suluhisho la kudumu kuliko yote aliyowahi kufanya kwenye gari lile.

Alifariki mwaka 2011. Kobe alikuwa hajatembea kwa muda, amekaa uani chini ya turubai, kuku wanatagia ndani. Ndugu zangu walitaka auzwe kwa kilo. Mimi niliyekuwa nikishushwa kwenye mwembe ndiye niliyesimama kikaoni nikapinga kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Nikamleta Dar es Salaam juu ya lori, na mke wangu akauliza, kwa haki kabisa, litakaa wapi.

Lilikaa kwenye nafasi ya kuanikia nguo. Kwa safari za kila siku nina Toyota IST, gari jema ambalo silijui. Halijawahi kuniomba kitu. Taa ya injini ikiwaka naenda kwa kijana mwenye mashine, anachomeka waya chini ya usukani, anasoma namba, ananiambia bei. Kijana huyo huyo ndiye niliyemwita aje amtazame Kobe. Alizunguka gari lote, akapiga magoti, akapapasa chini ya dashibodi, kisha akaniuliza, "Mzee, hapa pa kuchomekea mashine ni wapi?" Nilicheka peke yangu. Kisha akaniuliza valvu zinapimwa vipi, nami niliyekaa pale na kopo la mafuta ya taa miaka saba sikuwa na jibu. Ilibidi tutazame pamoja kwenye simu, watu wazima wawili, mtu wa Brazil akionyesha kwa Kireno kitu kilichokuwa kikifanyika uani kwetu kila Jumamosi. Fila geji tuliagiza. Fenibelti ikatoka Afrika Kusini, kwa nauli iliyozidi bei yake.

Nilifanya usafi mkubwa kabla ya kumpaka rangi. Nilitoa manyoya ya kuku, maganda ya mayai, sarafu za senti, karatasi za mtihani wa jiografia. Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na kipande cha mpira kilichokauka, kimepasuka pasuka, kimeng'ang'ania betri iliyokufa. Nikakibandua kwa bisibisi, nikakitupa pamoja na uchafu mwingine. Kifuniko cha betri sikukifikiria. Fundi wa viti akaweka springi mpya na godoro zuri, nikaweka betri mpya, nikajiona nimemaliza.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Same kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Akasema hataki IST, anataka lile gari la zamani, limemkumbusha ujana. Nilimfungulia mlango, nikamkalisha nyuma, upande wa kulia, kwa heshima zote. Tulifika mataa ya pili.

"Mkwe wangu," akasema, "humu ndani mna jiko?"

Sikusema ni joto la Dar es Salaam. Nilisimamisha gari katikati ya barabara, nyuma yangu honi za daladala na bodaboda, nikamtoa mama mkwe kwa kumshika mikono miwili, jambo ambalo mila haituruhusu, nikang'oa kiti na kukitupa barabarani kama alivyokitupa baba. Vijana wa bodaboda walikuja na maji ya kunywa ya chupa. Mmoja akainama kutazama. "Mzee, hii ungeweka hata mpira tu," akasema. Kisha akafungua kisanduku cha pikipiki yake, akanipa tyubu kuukuu yenye viraka vitatu.

Nimeikata kwa mkasi wa jikoni, nikailaza, nikaibana pande zote mbili. Mama mkwe alimaliza safari ndani ya bajaji, na tangu siku hiyo ananitumia salamu kwa kupitia mke wangu. Gari linatembea, isipokuwa jana asubuhi stata imegoma, na silinda ya tatu inagonga. Mwanangu anasema ni kelele za kawaida. Nimemwambia aje Jumamosi, mapema, injini ikiwa baridi. Amesema ana mpira.