Mwana Wetu na Ibara ya 19



Mwezi uliopita mwana wetu alirudi nyumbani Rungwe kutoka chuoni Iringa. Jioni, tulipofungua Biblia kwa sala ya nyumba, akatuambia kwa adabu, "Baba, mniwie radhi, mimi sisali tena. Sioni kwamba yuko wa kunisikia." Mama yake akalia. Sisi tukaghadhibika, tukamwambia kwamba asiyesali hatalala chini ya paa letu. Twaandika hayo kwa aibu, maana ndio sisi tufundishao watoto wa wengine upole.

Usiku ule usingizi ulitukataa. Tukakumbuka somo tunalowapa vijana wa kipaimara: ya kuwa Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa imani, hata wa kubadili dini yake, na shughuli za dini ziko nje ya mamlaka ya nchi. Shule za misheni zilipotwaliwa mwaka 1970, wako wazee waliodhani watoto watamsahau Mungu; lakini hata leo twaingia katika shule za serikali kufundisha kipindi cha dini. Basi, uhuru huo tuliupenda sana, kwa kuwa tuliudhani ni mlango wa kuingilia kwetu tu. Kweli, Katiba haimwamuru baba nyumbani mwake. Lakini je, tuwafundishe vijana neno ambalo hatuliwezi mezani petu?

Tena tukamkumbuka babu wa baba yetu. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Yeye alipotaka kubatizwa, baba yake alimfukuza, akisema kwamba amewatupa wazee waliozikwa. Habari hiyo twaisimulia kila Pasaka, na kila mara twamlaumu mzee yule. Sasa maneno yake yalikuwa kinywani mwetu.

Alfajiri tukamwendea kijana. "Mwanetu, nyumba ni yako. Sala hatutaiacha, wala hatutakulazimisha." Akajibu, "Ahsante, Baba." Moyo wetu haukutulia, wala hatudanganyi, kila usiku twamtaja mbele za Mungu.

Jumapili tulikwenda kanisani, yeye akabaki. Tuliporudi tulikuta amewakatia ng'ombe majani, na ndizi zimeiva chunguni. Tulipoinamisha vichwa kushukuru, hakufumba macho. Ila alingoja Amina, ndipo akanyosha mkono.