Ugogo na Irangi: Mwaka wa Mvua na Mwaka wa Mwezi

Mtu akituambia kwamba amefika Dodoma, sisi humwuliza kwanza: ulifika mwezi gani? Maana nchi ile haina sura moja mwaka mzima. Afikaye Februari huona majani mabichi na uwele unaopanda. Afikaye Oktoba huona vumbi, mibuyu isiyo na jani hata moja, na ng'ombe waendao mbali kutafuta maji. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu mwisho wa Novemba au Desemba hata Aprili, nayo kwa kawaida haizidi milimita 600 kwa mwaka. Wazee wa Kigogo hawajaisahau njaa kuu iliyoitwa Mtunya, iliyowaangamiza watu wengi katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Basi si ajabu kwamba sherehe za wenyeji zimeifuata mvua kama ndama amfuatavyo mamaye.

Siku za kulima hakuna shangwe kubwa. Jembe halimpi mtu nafasi. Mavuno yakiisha ndipo nchi inapochangamka. Wavulana huingizwa jandoni wakati wa kiangazi, na wanawake hutwaa ngoma zao za muheme, wakazibana kwa mapaja na kuzipiga kwa nguvu ambayo humshangaza mgeni atokaye pwani. Huko Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, tangu mwaka 2009 hufanyika tamasha la muziki wa Kigogo, na vikundi kutoka vijiji mbalimbali hukutana hapo. Mwanzilishi wake ni Kedmon Mapana, mwana wa nchi hiyo hiyo na mwalimu wa muziki. Hukwe Zawose naye, aliyefariki mwaka 2003, alitoka katika mkoa huu, akaipeleka sauti ya zeze na ilimba hata Ulaya.

Wazazi wengine wametuuliza kama yafaa kuwapeleka vijana wa Kiislamu mahali kama hapo. Wako wanaokataa, nasi twawaheshimu. Palipo na mtungi wa pombe hapatufai, hilo halina mjadala. Lakini kijana wa Kigogo asiyejua namna bibi yake alivyoimba amepungukiwa na kitu, na kukaa upande wa watoto na wazee, akasikiliza sauti nyingi zikipandana bila kugongana, hatuoni kwamba kumemharibia dini yake.

Agosti ni Nanenane, na uwanja wa Nzuguni hujaa wakulima wa Dodoma na Singida, mbegu, mafahali na mashine. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu mmoja huangukia karibu na wakati huo. Sehemu kubwa ya zabibu hizo huishia katika mapipa ya mvinyo, jambo linalomtia mkulima Mwislamu katika fikira nzito. Wako waliochagua kuziuza mbichi kwa wasafiri, ingawa bei yake haina uhakika. Ama Bunge la bajeti, tangu Aprili hata Juni, hilo si sikukuu, lakini msafiri asiyeagiza chumba mapema atalijua vizuri.

Kalenda ya pili ni ya mwezi, nayo haiingoji mvua. Idd husaliwa na umati mkubwa katika msikiti wa Gaddafi mjini Dodoma, uliofunguliwa mwaka 2010. Na ukipanda kaskazini mpaka Kondoa kwa Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu, utakuta Maulidi yakisomwa. Mbele kidogo, huko Kolo, iko michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wako wanaofanya matambiko ya mvua hapo. Sisi tuliitazama michoro, matambiko tukayaacha.

Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi, Ramadhani hurudi nyuma kidogo kidogo katika misimu. Tangu 2013 hata 2019 iliangukia kati ya Mei na Agosti, wakati wa baridi na wa ghala lililojaa. Kufunga kulikuwa kwepesi. Lakini sasa inakwenda kuikuta mvua. Mwaka 2030 utakuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, mmoja mapema Januari na mwingine mwishoni mwa Desemba, na yote miwili ni siku za jembe. Mvua ya kwanza ikinyesha, mbegu haingoji Idd.

Tulimwuliza mzee mmoja wa Kondoa walifanyaje zamani, tangu 1997 hata 2001, ilipokuwa hivyo hivyo. Alisema walikula daku, wakasali Alfajiri, wakaenda shambani papo hapo, wakaacha kazi jua lilipoanza kuchoma. Vijana walianza na mashamba ya wajane na wagonjwa, kisha wakageukia ya kwao. Jioni ulikuwako uji wa uwele.

Mjukuu wake, aliyezaliwa muda mrefu baada ya miaka hiyo, alikuwa akisikiliza mlangoni. "Babu," akauliza, "mwaka huo wa 2030 mimi nitakuwa na miaka mingapi?" Mzee akahesabu kwa vidole, akamjibu kwamba atatimiza ishirini, na shamba la mtama litakuwa mikononi mwake.