Petroli ya Baba Iliyolala Miaka Sita

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tuna gari lililobaki nyumbani. Huenda ni la mzee, huenda ni lile ulilonunua kwa akiba ya miaka yako ya mwanzo ya kazi, ukalifunika turubai ukisema utalikuta. Kwenye simu tunauliza habari za tairi na betri, tunauliza kama panya wamekula nyaya. Ni nadra kuuliza habari za petroli iliyoachwa ndani ya tangi. Mimi ni muuguzi, si fundi wa magari, lakini katika likizo yangu ya mwaka 2024 jambo hilo lilinila siku tatu, na nimeona niwaandikie wasomaji wenzangu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1979, liko Tanga. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa 504 ni nini. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda mbio za Safari Rally akiendesha gari la aina hiyo. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, mwaka 1986. Ndilo lililonipeleka chuo cha uuguzi na sanduku langu la bati na godoro juu ya paa. Mwanzoni mwa 2018 alijaza tangi pomoni aende Lushoto kuona ndugu zake. Usiku wa kuamkia safari akapata kiharusi. Hakuendesha tena, na mwaka huohuo akafariki. Gari likabaki uani chini ya mwembe, na mafuta yake ndani.

Nilipofika nyumbani, zilikuwa zimebaki wiki mbili mdogo wangu aoe. Mama alikuwa na ombi moja tu: bibi harusi aletwe kwa gari la marehemu. Mdogo wangu alikuwa na mpango wake. Atanunua betri mpya, ataongeza lita tano za petroli mpya juu ya ile ya zamani, atapiga stata. Mama aliupenda mpango huo kwa sababu yake mwenyewe. Nilipotaja kuyatoa mafuta ya zamani alinikatiza: "Hayo mafuta ya baba yenu. Kanunua kwa pesa yake. Hayamwagwi."

Nilinyamaza. Nimefanya kazi wodini miaka ya kutosha kujua kwamba mtu akisema hivyo hazungumzii mafuta.

Tukamwita fundi wa siku zote wa Baba, mzee ambaye sasa kazi nyingi huwaachia vijana wake. Nilimwamkia, akaitikia, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akatikisa kichwa. Kisha akatueleza sote, na maelezo yake ndiyo ninayowapa hapa.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mengine mepesi sana, mengine mazito. Yale mepesi ndiyo yanayowaka upesi na kuamsha injini iliyo baridi, na ndiyo yanayoruka kwanza. Kwenye joto la pwani, ndani ya tangi la zamani linalopumua, miezi michache inatosha kuyapunguza. Yanayobaki hukutana na hewa na polepole hugeuka kitu cha kunata kama gundi, chenye harufu ya vanishi. Unyevu nao huingia, maji yakakaa chini, na tangi la chuma likaota kutu kwa ndani.

Sasa chukua mchanganyiko huo uuvute hadi kwenye injini. Gundi huziba vijitundu vya kabureta ambavyo ni vyembamba kama tundu la sindano. Kutu huziba chujio. Kibaya zaidi, injini inaweza kuwaka. Inawaka, inapata moto, watu wanapiga vigelegele, inazimwa. Ikipoa, gundi iliyoshika kwenye shina za valvu hukauka na kuzing'ang'aniza. Kesho yake ukipiga stata, valvu iliyoganda haitoki, na fimbo inayoisukuma hupinda. Injini nzima iliyosubiri miaka sita ikaharibika kwa siku moja. Kuongeza lita tano za mafuta mapya hakuyafufui ya zamani; ni sawa na kumimina maziwa mabichi juu ya yaliyochacha.

Mama alisikiliza yote hayo bila kusema neno. Fundi akachota kidogo kwenye kopo la bati akamletea. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea. "Shemeji," akamwambia, "marehemu angeiona hii asingeitia kwenye gari lake. Wewe unamjua." Mama akainama akanusa. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hii siyo harufu ya gari lake." Akaenda mwenyewe kuzima jiko la mkaa, kwa kuwa tulishamwambia kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na unaweza kufuata moto hadi jikoni.

Hapa naomba niseme kama muuguzi. Kijana mmoja wa fundi alikuja na mpira, akautumbukiza tangini na kuuweka mdomoni avute, kama tunavyoona kila siku barabarani. Nilimzuia kabla hajavuta. Petroli ni nyepesi na inateleza. Ikifika kooni, ni rahisi mno kupotea njia ikaingia kwenye mapafu, na kiasi kidogo tu kinatosha kuyaunguza. Mtu hukohoa, hupata nafuu, huendelea na kazi, kisha baada ya saa kadhaa pumzi zinambana. Aliyemeza petroli asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa kama wengi wetu tulivyofundishwa nyumbani, kwa sababu akitapika huipa petroli nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mpeleke hospitali hata kama anasema hajambo.

Na petroli iliyotolewa isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi. Tangi letu lilikuwa na nati chini yake. Tulisukuma gari hadi mahali pa wazi, tukatoa betri ya zamani, tukaweka ndoo mbili za mchanga karibu, kisha tukafungua nati na kukinga kwa madebe ya chuma yenye vifuniko. Zilitoka lita 31. Nyingine zilikuwa zimeruka na upepo. Hatukumwaga mchangani, maana kisima chetu kiko hatua chache tu kutoka hapo. Fundi aliyapeleka kwenye kituo cha mafuta chenye pipa la mafuta machafu.

Kazi iliyofuata ilitaka subira. Tangi lilishushwa, likasuuzwa kwa petroli mpya kidogo kidogo hadi ikatoka safi bila vumbi la kutu. Mipira yote ya mafuta ilibadilishwa, na chujio pia. Ngozi ya ndani ya pampu ilikuwa imekakamaa, ikawekwa nyingine. Kabureta ilifunguliwa, chini yake palikuwa na ukoko wa rangi ya asali. Fundi alivisafisha vijitundu kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, akamkataza kijana wake kuchokonoa kwa waya, kwani waya hupanua tundu na gari likaanza kunywa mafuta. Plagi zikatolewa, kila silinda ikapewa matone ya oili, injini ikazungushwa kwa mkono kwanza ili kuhakikisha haijashika. Oili ikamwagwa, ikawekwa mpya. Siku ya tatu alasiri, kwa betri mpya na lita kumi za petroli mpya, gari likawaka. Mama alikuwa barazani. Bibi harusi aliletwa kwa gari hilo.

Kwa wenye magari nyumbani, naomba mzingatie machache. Kama gari litakaa miaka, acha tangi na kabureta vikiwa vitupu. Kama ni miezi tu na tangi ni la chuma, jaza hadi juu ili hewa na unyevu vikose nafasi, na ukipata dawa ya kuhifadhi petroli, itie ikiwa petroli bado ni mpya, kisha endesha dakika chache ifike hadi kwenye kabureta. Ikishachacha, dawa haisaidii. Unayemwachia funguo usimwambie awashe dakika tano kila Jumapili. Injini haipati joto la kutosha, na maji hubaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi. Heri aendeshe nusu saa mara mbili kwa mwezi.

Mlioko Uingereza wenye gari la zamani kwenye gereji, kumbukeni kwamba tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida vituoni ni E10, yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli. Ethanoli huvuta maji kutoka hewani, na maji yakizidi hujitenga pamoja nayo na kuzama chini ya tangi. Pia hula mipira ya zamani. Kabla ya kulilaza gari majira ya baridi, jaza ile ya E5.

Mdogo wangu sasa huenda na Mama sokoni kwa gari hilo kila Jumamosi, na huweka mafuta ya kutosha wiki mbili tu. Kwako wewe, ukipiga simu nyumbani wiki hii, baada ya salamu uliza pia: ndani ya lile tangi mna nini, na kimekaa tangu lini?