Bomani ya Tarime: Kabla Ng'ombe Hawajatolewa

Ndugu msomaji, ukitoka Mwanza alfajiri kwa basi liendalo Sirari, ukaiacha Bunda na njia panda ya Makutano nyuma yako, utafika penye daraja la Kirumi, juu ya Mto Mara. Hapo usisinzie. Upande wako wa kulia utaona mafunjo yametanda mpaka jicho linachoka. Upande wa kushoto maji yale yale yaliyonywewa na nyumbu wa Serengeti yanakwenda polepole kumalizikia katika Ziwa Viktoria. Ukishavuka, barabara huanza kupanda. Joto la ziwani hukuacha kidogo kidogo, na abiria waliofungua madirisha tangu Magu huanza kuyafunga mmoja baada ya mwingine. Utakapoona migomba imesimama hadi mlangoni mwa nyumba za bati, na akina mama wamejifunga vitenge viwili viwili mabegani, jua kwamba umefika Tarime, mji ulio katika mwinuko wa mita zipatazo 1,500.

Bomani ni mtaa wa humo. Jina lenyewe si la ajabu, kwani miji mingi ya wilaya iliyokua katika zama za ukoloni ina Bomani yake, yaani pale palipokuwa na boma la serikali. Mwingereza aliiita wilaya hii North Mara, jina ambalo leo limebaki katika mgodi wa dhahabu ulio upande wa Nyamongo. Mwaka 2007 upande wa ziwani ulikatwa ukawa wilaya ya Rorya. Bomani yenyewe imebaki mahali pa ofisi, maduka, magari ya Sirari, na bodaboda zisizojua maana ya kungoja. Sokoni utakuta mikungu ya ndizi, wimbi na mahindi, na mchuuzi atakayekurudishia chenji ya shilingi za Kenya bila kukuuliza, maana mpaka uko karibu sana.

Mimi sikwenda kutembea. Nilikwenda kumjulia hali mtu niliyefanya naye kazi miaka kadhaa katika kiwanda kimoja cha Mwanza, ambacho sitakitaja. Jina lake pia nitalificha, na baadhi ya mambo ya nyumba yake nimeyageuza ili asijulikane. Yeye alikuwa fundi wa mitambo, hodari kuliko sisi sote. Alipofikia umri wa miaka 38 hivi, spana zilianza kumdondoka. Alitembea kama mtu aliyetoka kwenye pombe, akawa mwepesi wa hasira, mambo aliyoyajua kwa moyo akawa anayauliza. Msimamizi alimwita, akamnusa kinywa, asipate harufu yoyote. Hata hivyo barua ikaandikwa kwamba ni mlevi kazini. Hakuwahi kunywa pombe maishani mwake, nami nilijua. Siku ile ya barua nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sikufungua mdomo.

Akarudi kwao Bomani, katika kiwanja cha marehemu baba yake. Sasa ana miaka 49.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti kizito cha mninga ambacho mkewe amekifunga kwenye nguzo ya ukuta kwa kamba, kisije kikapinduka naye. Mikono yake haikutulia. Bega liliinuka lenyewe, mguu ukapiga teke hewani, uso ukakunjamana kisha ukakunjuka. Alinitambua mara moja. Lakini kulitamka jina langu kulimchukua muda, na shemeji akaniashiria kwa jicho nisimsaidie. Baadaye aliniambia kuwa hilo ndilo jambo la kwanza alilojifunza: mgonjwa huyu anaelewa mengi kuliko anavyoweza kujibu, na jibu lake lina safari ndefu, hivyo ukimkatiza unamrudisha mwanzo wa njia.

Maradhi haya yanaitwa ugonjwa wa Huntington. George Huntington alikuwa daktari kijana wa Kimarekani, mwenye umri wa miaka 22, alipoyaandika mwaka 1872. Baba yake na babu yake nao walikuwa madaktari, katika kisiwa cha Long Island karibu na New York, wakizijua familia za wagonjwa vizazi hata vizazi. Mwenyewe alisimulia uzeeni jinsi alivyokuwa mtoto, akiandamana na baba yake katika safari za tiba, wakakutana njiani na wanawake wawili, mama na binti, wote warefu na wembamba, wakijinyonganyonga na kukunja nyuso. Mtoto akashangaa, karibu aogope. Baba yake akasimama, akaongea nao, kisha wakaendelea na safari. Hapo ndipo udadisi wake ulipoanzia.

Madaktari wa Ulaya walikwisha kuyapa matetemeko ya namna hii jina la Kiyunani lenye maana ya ngoma. Mimi silipendi jina hilo. Mcheza ngoma hupumzika anapotaka, lakini rafiki yangu hupumzika usiku tu, anaposhikwa na usingizi mzito na mwili ukatulia. Shemeji alinieleza kwamba wakati mwingine huamka saa nane za usiku, akakaa amtazame tu, kwa kuwa ndiyo saa anapofanana na yule aliyemwoa.

Katika ubongo wa mgonjwa kuna sehemu za ndani zinazoongoza mwendo, fikra na hasira, na chembe za sehemu hizo hufa kidogo kidogo. Aghalabu ugonjwa hujitokeza kati ya miaka 30 na 50, mtu akiwa amekwisha oa na kuzaa, kisha huendelea miaka 15 au 20 mpaka mauti. Chanzo chake ni kosa katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya nne. Mahali fulani katika jeni hiyo pana maandishi mafupi yanayojirudia. Yakijirudia mara 40 au zaidi, mtu huyo ataugua akijaliwa umri. Tiba ya kuuondoa haijapatikana. Zipo dawa za kupunguza matetemeko na za kutuliza nafsi. Septemba 2025 kulitangazwa habari ya jaribio la tiba iingizwayo ubongoni kwa upasuaji, iliyoonyesha kupunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 75 katika miaka mitatu kwa wachache waliopewa kipimo kikubwa. Habari hiyo imefika Bomani kwa simu ya mkononi. Tiba yenyewe haijafika.

Uuguzi wa nyumba ile, kwa hiyo, ni wa jiko na godoro, na hapa nakuomba msomaji usiwe na haraka. Mtu ambaye mwili wake hautulii huchoma chakula kama mkimbiaji wa masafa marefu, hivyo hukonda upesi. Shemeji humlisha mara sita kwa siku: uji mzito wa wimbi uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa, ndizi zilizopondwa, mayai. Uji mwepesi hampi, wala maji hampi kwa haraka, kwa sababu koo nalo limepoteza utaratibu na kinywaji chepesi huteleza kuelekea mapafuni. Wengi wa wagonjwa hawa huuawa na nimonia ya namna hiyo. Humketisha wima, kidevu kikiinama kidogo, kijiko kimoja kikimezwa ndipo kije kingine, redio ikiwa imezimwa. Mlo mmoja ni saa nzima. Kitanda kimeondolewa, godoro liko chini. Jiko la mkaa limehamishiwa nje. Vikombe vya udongo vimekwisha, vimebaki vya bati. Tena hupanga siku yake isibadilike, kwa kuwa jambo la ghafula humtia mgonjwa ghadhabu ambayo si yake.

Nilimwuliza nani humpokea zamu. Akanyosha kidole ng'ambo ya ua, kwa mwanamke aliyekuwa akianika nguo. Huyo ni mkamwana wa bibi kizee jirani, naye aliolewa na bibi huyo mwenyewe. Usistaajabu, msomaji. Wakurya wana desturi yao iitwayo nyumba ntobu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenziwe, ili apate wajukuu wa kuendeleza nyumba na mtu wa kumtunza uzeeni. Wako wanaoisifu na wako wanaoilaumu kwa jinsi wanawali wengine walivyoingizwa humo, nami nimesikia pande zote mbili. Ninachojua ni kwamba kila alasiri mwanamke yule huvuka ua, akamshika mgonjwa mkono saa mbili, ili mwenye nyumba aende sokoni au alale.

Miaka ya mwanzo jina la ugonjwa halikujulikana hapa. Majirani walisema amerogwa Mwanza. Wengine walikumbuka kwamba baba yake naye alikufa akitapatapa hivi, wakadai ni ugomvi wa mpaka wa shamba, na shangazi yake aliyekuwa akitangatanga njiani aliitwa kichaa. Hakuna aliyeviunganisha vifo hivyo mpaka daktari mmoja alipoliweka faili kando na kuuliza, "Baba yako alikufaje?" Shemeji alisema jina lilipotajwa alilia kwa furaha, kwa kuwa mumewe hakuwa mlevi wala hakuna jirani aliyekuwa mchawi. Kisha akawatazama watoto wake watatu.

Kwa maana hesabu yake ni kama kurusha sarafu. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu, na sarafu hurushwa upya kwa kila mmoja. Kupona kwa kaka hakumwongezei dada hatari, wala kuugua kwake hakumpunguzii. Wa kike na wa kiume ni sawa. Na asiyeirithi jeni hiyo hawezi kuirithisha kamwe. Kwake yeye na uzao wake mambo yamekwisha.

Binti mkubwa ana miaka 23, na posa imekuja. Huku, kama kwingi nchini, kabla ng'ombe hawajatolewa wazee wa upande wa bwana hupeleleza: ukoo huu una kifafa? Una ukoma? Una wazimu? Siwacheki wazee hao, kwani walijua kwamba yako maradhi yapitayo katika damu hata kabla ya Huntington kuzaliwa. Lakini upelelezi wao haujui nusu. Hufunga mlango wa ukoo mzima, wenye jeni na wasio nayo, na kwa hiyo kila ukoo hujifunza kuficha.

Kipimo cha damu kipo duniani tangu jeni ilipogunduliwa mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya kuchunguza damu za familia za kando ya ziwa Maracaibo, nchini Venezuela, ambako wagonjwa ni wengi kupita popote. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwa Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa huu mwaka 1978. Watu walimwuliza miaka nenda miaka rudi kama amejipima. Mwaka 2020 ndipo alipotangaza hadharani kwamba naye anao. Basi ikiwa mtaalamu mwenyewe alijiwekea siri yake muda huo wote, nani atamlazimisha msichana wa Bomani? Taratibu za kitabibu zinakataza kuwapima watoto wasioonyesha dalili, na hutaka mtu mzima apewe ushauri kwanza, aamue kwa hiari, awe na ruhusa ya kughairi hata majibu yakiwa mezani.

Shemeji alitaka kunyamaza. "Ng'ombe wakishaingia zizini, shemeji, nani atawarudisha?" alisema, na nilimwelewa: ana wana wawili wa kusomesha na mgonjwa wa kulisha mara sita. Binti alikwisha kumtangulia. Alimweleza mchumba wake mwenyewe, bila mshenga, wakiwa wamesimama stendi. Yule kijana aliomba apewe muda. Wazee wake waliahidi kurudi Jumamosi. Jumamosi mbili zilikuwa zimepita.

Jioni binti alinisindikiza kwenda kupanda gari. Ukungu ulikuwa umeshuka, na taa za maduka ya Bomani zilikuwa zikiwashwa. Hatukusema neno mpaka tulipofika penye magari ya Mwanza, ndipo akaniuliza, kwa adabu, akitazama chini.

"Baba mdogo, kule kazini mlijua kwamba baba hanywi?"

"Nilijua, mwanangu," nilimjibu.

Akasubiri, kama mama yake alivyonifundisha kumsubiri baba yake. Kondakta alikuwa akiita Mwanza, Mwanza. Nikamwambia yote, jinsi msimamizi alivyomnusa kinywa, na mahali nilipokuwa nimesimama.