Taarifa ya Saa Saba

Sisi tuliokua Kenya miaka ya themanini tunaikumbuka taarifa ya habari ya saa saba mchana: redio ya mawe ikikoroma dirishani, harufu ya karatasi ya kaboni na wino wa taipureta, makarani wameacha chai na mandazi vipoe wakisubiri kusikia ni katibu gani wa wizara au mwenyekiti gani wa shirika ameachishwa kazi na Rais Moi mara moja, na pengine mwenyewe yuko palepale ofisini, anayasikia pamoja na tarishi wake.

Leo barua hutangulia. Mtumishi huulizwa, hujieleza.

Kifungu cha 25 cha katiba ya zamani kilisema wazi kwamba mtumishi wa Jamhuri hushika kazi kwa ridhaa ya Rais. Wachache waliokingwa nao wakavuliwa kinga: Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu mwaka 1986, kisha majaji na wanachama wa Tume ya Utumishi wa Umma mwaka 1988. Bunge liliirudisha mwaka 1990, lakini woga ulikuwa umeshazoeleka. Nilifurahi sana katiba ya 2010 ilipokuja na kifungu cha 236, kinachokataza kumfukuza au kumshusha cheo mtumishi wa umma bila kufuata utaratibu wa sheria. Aliyepigwa kalamu ovyo ana mahakama ya kazi ya kumsikiliza, hata kama kesi huburuta miaka.

Lakini karani mdogo wa enzi zile, ambaye jina lake lisingetajwa redioni kamwe, alikuwa na kitu ambacho binti yake hana. Akishathibitishwa kazini, aliweza kukopa kwenye chama cha ushirika, akaezeka mabati, akasomesha watoto na wadogo zake, akijua kwamba atastaafu akiwa na miaka 55 na Hazina itamlipa pensheni ambayo hakuichangia.

Umri wa kustaafu sasa ni 60. Tangu 2021 pensheni huchangiwa kutoka kwenye mshahara. Na vijana wengi, wauguzi hasa, huingia kwa mkataba wa miaka mitatu. Ukiisha bila kuongezwa, hakuna aliyefukuzwa, hakuna barua ya kujibu, na kifungu cha 236 hakimsaidii muuguzi huyo hata kidogo. Wanaotunga bajeti wanalijua hilo vizuri.